William Stanley, mgonjwa aliyewasha mtaa mzima kwa transfoma

Mwaka 1885 William Stanley alikuwa kijana wa miaka 26 mwenye akili nyingi na afya mbovu. Alishaacha masomo Yale baada ya miezi michache tu, akaingia kwenye umeme. Sasa hali ya mwili ikamlazimu kuondoka Pittsburgh, alikokuwa akimfanyia kazi tajiri George Westinghouse, akahamia Great Barrington, mji mdogo wa Massachusetts.

Wengine wangepumzika. Yeye akatafuta kiwanda cha zamani cha mpira kilichoachwa, akakigeuza karakana.

Shida aliyokuwa akiipigania ni hii: umeme wa Edison ulikuwa wa volti ndogo, ukisafiri kilomita moja au mbili unachoka. Dawa ni kuusafirisha kwa volti kubwa, kisha kuupunguza mlangoni kwa mteja. Hapo ndipo transfoma inapoingia.

Tuseme ukweli, transfoma hakuivumbua yeye. Gaulard na Gibbs walishakuwa na ya kwao, na Wahungaria wa Budapest walishatengeneza nzuri kabisa. Ila ile ya Budapest yenye umbo la pete ilikuwa kazi ya mkono, waya unapitishwa tunduni raundi baada ya raundi. Utatengeneza ngapi kwa mwezi?

Stanley akaja na njia nyepesi. Koili za shaba zinasukwa pembeni, zinafungwa vihami vyake vizuri bila haraka, halafu vipande vyembamba vya chuma vilivyokatwa mfano wa herufi E vinachomekwa ndani yake kimoja kimoja. Mbona visiwe pande moja nene? Kwa sababu chuma kizima huzungusha umeme ndani yake na kuchemka bure.

Na hivyo vihami si urembo. Koili mbili za transfoma hazigusani kabisa, kinachovuka ni nguvu ya sumaku tu. Kihami kikiungua, volti za njia kuu zinaingia nyumbani kwako.

Tarehe 20 Machi 1886 maduka na ofisi za mtaa mkuu wa Great Barrington zikawaka. Volti 500 zilitoka karakana kwa nyaya zilizotundikwa kwenye miti, zikasafiri zaidi ya kilomita moja, na transfoma zilizowekwa vyumba vya chini zikazishusha hadi 100. Kabla mwaka haujaisha Westinghouse alikuwa anauza mfumo huo kibiashara mjini Buffalo.

Baadaye Stanley akaachana na Westinghouse, na mwaka 1890 akaanzisha kampuni yake Pittsfield, mji jirani. Mwaka 1903 General Electric wakainunua. Yeye akafariki mwaka 1916, akiwa na miaka 57.

Kiwanda kikaendelea bila yeye. Volti zilivyopanda, karatasi na pamba peke yake hazikutosha, transfoma zikazamishwa kwenye mafuta. Mafuta nayo yanashika moto, kwa hiyo mwaka 1932 kiwanda cha Pittsfield kikaanza kutumia kemikali za PCB, zisizowaka kirahisi. Ziliachwa mwaka 1977, zikiwa zimeshavuja hadi mto Housatonic. Mto huo unatoka Pittsfield na kupita Great Barrington, mji uleule, na kazi ya kuusafisha mpaka leo haijaisha.