SHAABAN ROBERT: KARANI WA FORODHA ALIYETUACHIA VITABU

Mwaka huu chama kimenipa kazi ya kuwaletea maisha ya mwandishi mashuhuri. Nimemchagua marehemu Shekhe Shaaban Robert kwa sababu moja: alikuwa karani wa forodha. Sisi wa Busia na Malaba tunawajua makarani wa forodha kuliko tunavyowajua waandishi!

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao. Hebu tulitafakari jambo hilo. Hapa kwetu Mteso, Msamia, Mkhayo na Mganda hukutana sokoni wakasikizana kwa Kiswahili, halafu tunaambiwa ati lugha hii ina wenyewe huko pwani. Mbona basi mjukuu wa Wayao akawa gwiji wake? Hata neno bodaboda, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa mpakani petu, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu toka boda hii hadi ile. Lugha ni ya anayeitumikia.

Alisoma shule ya Msimbazi, Dar es Salaam, kuanzia 1922 hadi 1926. Alipomaliza aliajiriwa na serikali ya Waingereza katika Idara ya Forodha, akafanya kazi Pangani. Kazi ya forodha mnaijua: mizigo, karatasi, mihuri, ushuru. Aliifanya hadi 1944. Baadaye alihamishiwa Mpwapwa, kisha akarudi Tanga, akatumikia afisi ya wilaya na ile ya upimaji ardhi. Kwa hivyo karibu miaka yake yote ya utu uzima alikuwa na mkubwa wa kazi juu yake. Katikati ya hayo ndimo alimoandikia.

Wala hakuandika kwa raha. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto wadogo, naye akamtungia shairi la maombolezo. Bintiye Mwanjaa alimwandikia Utenzi wa Hati. Mwanawe wa kiume, Utenzi wa Adili. Mzee huyu hakuwa na mali nyingi ya kurithisha, akarithisha maneno. Habari za maisha hayo alizisimulia mwenyewe katika Maisha Yangu. Kijana yeyote anayetamani kuwa mwandishi akisome kitabu hicho kabla ya kukata tamaa.

Sasa tuje kwa Kusadikika, kilichotoka 1951. Kijana Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anapewa siku sita za kujitetea. Badala ya kulia na kuomba msamaha, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mambo mema ya kuijenga nchi, na kila mmoja akatupwa gerezani. Mwishowe Karama anaachiliwa, na wale wajumbe pia.

Nikisoma hadithi hiyo namwona karani wa forodha kabisa. Anayekaa mpakani anajua kinachoruhusiwa kuingia na kinachozuiliwa. Huko Kusadikika kilichozuiliwa kilikuwa fikira njema! Kumbukeni pia kwamba mwandishi alikuwa akilipwa mshahara na serikali ya kikoloni. Aliiweka nchi yake angani, lakini wasomaji wengi waliitambua kuwa ni ya hapa hapa duniani. Huo ulikuwa ujasiri, tena wenye akili.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa Machui. Kufikirika, aliyoiandika 1946, ilichapishwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968. Hakuziona zikiwa vitabu. Aliandika hata hivyo.

Wenzangu, wengi wetu tunaambiwa nyumbani kwamba uandishi hauleti unga, afadhali mtu atafute kazi pale forodhani. Wazazi wetu hawajakosea kutaka tule. Nasi tuwajibu kwa heshima kwamba yupo mtu aliyefanya yote mawili: alipiga mihuri, akalea watoto, akaandika. Basi asiyekuwa na nafasi asingoje nafasi. Chukua daftari lako, andika unayoyaona hapa mpakani, maana asiyekaa hapa hawezi kuyaandika kwa niaba yako. Haba na haba hujaza kibaba.

Kalamu yangu naiweka chini. Mola amrehemu mzee wetu.