Willis Carrier, mhandisi aliyeikausha hewa

MADEREVA wapitao Mitaboni, Machakos, asubuhi za baridi ya Julai hutatizwa na ukungu kwenye kioo cha mbele. Dawa yake ilitokana na juhudi za kuokoa karatasi.

Willis Carrier alizaliwa Novemba 26, 1876, katika jimbo la New York, Marekani, na kuhitimu uhandisi Chuo Kikuu cha Cornell mwaka wa 1901. Mwaka uliofuata, kiwanda cha uchapishaji cha Brooklyn kilikuwa kikipata hasara: unyevu ulitanua karatasi, rangi zikakosa kulingana. Carrier, akiwa na umri wa miaka 25, alibuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba baridi. Unyevu uligeuka matone, hewa ikatoka kavu.

Mwaka wa 1915 yeye na wenzake sita walianzisha kampuni yao. Mwaka wa 1939, Packard ilitangaza magari yenye kiyoyozi.

Garini, kiyoyozi hukausha hewa, kisha hita huipasha moto, nayo hufyonza unyevu kiooni. Ndiyo maana dereva asiyeona njia huwasha vyote viwili.

Carrier alifariki Oktoba 7, 1950, akiwa na umri wa miaka 73.