MUNGANGA TROWELL NA WATOTO WALIOVIMBA



Katika biolojia tumefundishwa kwamba kila kiumbe chenye uhai kinahitaji vitu vya msingi: sukari, mafuta, na asidi za amino zinazojenga protini. Bila hivyo hakiishi wala hakikui. Wengi wetu tulishika hayo kwa ajili ya mtihani tu. Leo tunawaeleza habari za mtu aliyeona kwa macho yake maana ya kuvikosa.

Hubert Carey Trowell, Mwingereza, alizaliwa mwaka 1904. Alifika Kenya kama munganga mwaka 1929, na mwaka 1935 akahamia Kampala, Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago. Aliona watoto wenye miguu iliyovimba, ngozi ya kubanduka, nywele zilizogeuka rangi, wenye huzuni, wasiotaka kula. Nyumbani walikuwa wakishibishwa ndizi na viazi. Sasa je, shida ilikuwa nini?

Trowell alifikiri ni pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini, akaandika hivyo. Lakini vitamini hiyo haikuwaponya. Mwaka 1935 munganga Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi inayoitwa leo Ghana, alikuwa ameutangaza ugonjwa huo kwa jina la kwashiorkor. Ni neno la lugha ya Ga: ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa, yeye akaachishwa ziwa. Trowell hakuona haya kuliacha wazo lake la kwanza. Mwaka 1945 aliandika juu ya ugonjwa huo pamoja na munganga Eria Muwazi wa Uganda. Mwaka 1954 yeye, Davies na Dean wakatoa kitabu kizima.

Kumbe ndizi na muhogo vina wanga mwingi, lakini protini kidogo. Na asidi za amino 9 mwili hauwezi kujitengenezea: lazima zitoke katika chakula. Wataalamu wa leo wanasema kukosa protini siyo sababu peke yake; magonjwa mengine nayo yanachangia.

Baada ya Uganda, Trowell alirudi Uingereza akawa mchungaji wa Kianglikana. Alikufa mwaka 1989.

Sisi wa Barumbu fufu tunayo. Samaki wa mto, maharagi, karanga na sombe pia viko. Lakini mara nyingi samaki anakwenda kwa wakubwa, mdogo anabaki na mchuzi. Basi, wakati wa likizo tuangalie sahani ya yule aliyetoka kuachishwa ziwa. Kama haina kitu, tumgawie cha kwetu.