Boris Uvarov: mkimbizi aliyewafuatilia nzige hadi walikozaliwa

Kutoka Azaiba, mtaa wa ufukweni mjini Muscat, ambako familia nyingi za Kiomani zenye jamaa Unguja, Pemba na Mombasa bado huzungumza Kiswahili, ni mwendo wa siku moja kwa gari hadi ukingo wa jangwa la Rub al-Khali. Mwezi Mei mwaka 2018 kimbunga Mekunu kilimwaga mvua katika jangwa hilo, na Oktoba kikafuata kimbunga Luban. Majani yakachipua mchangani. Nzige wachache waliokuwapo wakazaana kwa vizazi vitatu mahali ambapo hapakuwa na wa kuwaona. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba katika miezi tisa idadi yao iliongezeka mara 8,000.

Makundi hayo yalipitia Yemen na Somalia, na Desemba 2019 yakaingia Kenya, ambayo haikuwa imeona uvamizi kama huo kwa miaka 70. Februari 2020 yalifika Uganda, Tanzania na hata mashariki mwa Kongo.

Mtu aliyeifundisha dunia kwamba balaa la namna hiyo lina mahali pake pa kuanzia, na kwamba linaweza kuzimwa kabla halijaruka, alikuwa kaburini kwa karibu nusu karne.

Mdudu mmoja, sura mbili

Boris Petrovich Uvarov alizaliwa mwaka 1886 huko Uralsk, mji wa nyika uliopo leo Kazakhstan. Alihitimu Chuo Kikuu cha St Petersburg mwaka 1910, na muda mfupi baadaye akapelekwa Stavropol, kaskazini mwa milima ya Caucasus, kuongoza ofisi ya kupambana na wadudu waharibifu. Hakuwa ametimiza miaka 30.

Vitabu vya wakati huo vilitaja wadudu wawili tofauti: nzige mhamaji, anayeruka kwa makundi na kufyeka nafaka, na jamaa yake mpole aishiye peke yake majanini. Uvarov aliwatazama wazazi na watoto wao, msimu baada ya msimu, akaona kwamba wanabadilika kutoka hali moja hadi nyingine. Mdudu alikuwa mmoja. Akiwa peke yake huwa na rangi ya mazingira yake na huwakwepa wenzake. Mvua ikiwazidisha, kisha uoto ukaanza kukauka, wadudu husongamana penye kijani kilichobaki, na msongamano huo huwageuza rangi, umbile na mwenendo. Tunutu huanza kutembea kwa vikosi. Wakiota mabawa, huondoka pamoja.

Alichapisha maelezo hayo mwaka 1921. Wengine, kama Plotnikov huko Tashkent na Faure huko Afrika Kusini, walikuwa wakielekea kwenye jibu hilo hilo, lakini Uvarov ndiye aliyeyakusanya katika nadharia moja. Mkulima wa pwani yetu, mwenye panzi, tunutu na nzige katika msamiati wake, pengine asingestaajabu sana kusikia kwamba ukoo ni mmoja.

Wakati huo Uvarov hakuwa tena nchini mwake. Mapinduzi ya Urusi yalimkuta Tbilisi, na Georgia ilipojitangazia uhuru mwaka 1918 akawa mgeni katika mji ambao alikuwa ameufanyia kazi kwa miaka kadhaa. Mwaka 1920 aliitwa London na Guy Marshall, mkurugenzi wa taasisi ya wadudu ya himaya ya Uingereza. Alikubali, na London ikawa makao yake hadi mwisho wa maisha yake.

Ramani za London

Kuanzia mwaka 1929, uvamizi ulipoenea Afrika na Asia, Uvarov alipewa jukumu la kukusanya habari za nzige. Akiwa na wasaidizi wachache, miongoni mwao Zena Waloff, alipokea taarifa za maofisa wa wilaya na hata za meli zilizokutana na makundi baharini. Taarifa hizo zilichorwa katika ramani, na ramani zikaonyesha jambo ambalo hakuna serikali moja ingeliweza kuliona: nzige hutoka mahali maalumu, na mipaka kwao si kitu.

Nzige wekundu walioitesa Afrika kuanzia mwaka 1930 hadi 1944 walifuatiliwa hadi maeneo machache, likiwemo bonde la Rukwa nchini Tanganyika. Mwaka 1949 liliundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia.

Ni kweli kwamba kazi hii ilifanywa kwa fedha za wakoloni na kwa hesabu zao. Mwanamke aliyepoteza uwele wake Kitui hakualikwa katika mkutano wa nzige wa Cairo mwaka 1936. Lakini maarifa yaliyopatikana yalimfaa yeye kuliko waliokaa mkutanoni. Kundi la kilomita moja ya mraba laweza kuwa na nzige milioni 40, na kwa siku moja hula chakula cha kuwatosha watu 35,000.

Jangwani Omani

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hofu ya njaa Mashariki ya Kati ilileta vikosi vya kupambana na nzige Arabuni. Mwaka 1945 Wilfred Thesiger aliajiriwa kuchunguza mazalio yao kandokando ya Rub al-Khali. Mwaka 1946 aliondoka Salalah pamoja na Mabedui, akalivuka jangwa hadi Liwa, na kurudi kupitia Omani. Wengi wanamkumbuka kwa kitabu cha safari zake. Wachache wanakumbuka kwamba nauli ililipwa na nzige. Baadaye aliishi Maralal, katika Samburu, moja ya kaunti za Kenya zilizovamiwa mwaka 2020.

Uvarov hakuilaumu mvua peke yake. Alieleza kwamba ulishaji uliopita kiasi na ukataji wa miti humwandalia mdudu ardhi tupu anayoipenda kutagia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, kutoka nyika za kaskazini mwa China, ulikwenda mbali zaidi: nzige wa huko hustawi katika malisho yaliyochoka, ambako majani yana naitrojeni kidogo. Senegal nako, mashamba yenye udongo maskini yalionekana kuwavutia zaidi nzige wa eneo hilo. Nzige wa jangwani ni mdudu mwingine, na hakuna mbolea itakayolirudisha kundi lililokwisha ruka. Hata hivyo, kwa mkulima wa mtama au uwele, afya ya udongo na ulinzi dhidi ya wadudu si mambo mawili yaliyo mbalimbali kama idara za wizara zinavyoyatenga.

Mwaka 1945 ofisi ya Uvarov ikawa Kituo cha Utafiti wa Nzige, naye akakiongoza hadi alipostaafu mwaka 1959. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1961. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa kuhusu panzi na nzige ilitoka mwaka 1966. Alifariki Machi 1970 akiwa bado anaiandika ya pili, ambayo wenzake waliichapisha mwaka 1977.