Darsa la Ramadhani, Siku ya 12: Mubarak Bombay, Mwenzi wa Mlimani

Ndugu zangu wa Manyoni na nyote mnaotusoma mkiwa mbali.

Juzi tulipanda Jabal Thawr pamoja na Mtume wetu (s.a.w.) na swahiba wake Abu Bakr (r.a.). Baadhi yenu mmeniandikia mkiomba tuendelee kidogo na habari za masahibu wa safari. Sawa. Ila leo hatuendi Makka. Leo nawaletea mtu aliyepita nchi yetu hii hii kwa miguu, zaidi ya miaka 160 iliyopita, akiwa na mzigo na bunduki ya mwenziwe begani. Anaitwa Sidi Mubarak Bombay.

Alikuwa Myao, amezaliwa mnamo 1820 katika nchi ya Wayao, kusini huko, upande huu na upande wa Msumbiji ya leo. Akiwa bado mtoto, watekaji walivamia kijiji chao. Akafungwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa kwa mfanyabiashara Mwarabu aliyemvusha bahari hadi Bara Hindi. Huko akatumika miaka mingi, mpaka bwana wake alipofariki naye akapata uhuru, ndipo akarudi Unguja. Sasa litazameni jina lake. Sidi ndivyo watu weusi walivyoitwa kule Hindi. Bombay ni mji. Mubarak ni jina la Kiislamu alilopewa utumwani. Jina zima la mtu mzima, na hakuna hata kipande kimoja alichopewa na mama yake.

Mwaka 1857 alikuwa askari wa Sultani wa Zanzibar katika ngome ndogo ya Chogwe, bara ya Pangani. Mwezi wa Februari wakafika Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakitaka kwenda Vuga, kwenye milima ya Usambara, kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Mubarak akawa miongoni mwa waliokwenda nao. Anayeijua Usambara anajua maana ya kupanda kule: njia inasimama kama ngazi, jua linachoma chini na ukungu unakungoja juu. Walipanda mpaka kwa Kimweri, wakamkuta mzee na mgonjwa, naye akataraji wageni wale wamtibu. Kisha wakateremka. Safari fupi tu. Lakini ndiyo iliyowapa wale Wazungu mtu wa kumwamini, na ndiyo iliyoanzisha usuhuba wa Mubarak na Speke.

Walisemezana vipi? Kihindi! Speke alikuwa afisa wa jeshi huko India, na Mubarak alijifunza Kihindi utumwani. Lugha isiyo ya mama wa yeyote kati yao ndiyo waliyoitumia njia nzima. Speke alimsifu kwa ukweli na kwa moyo wa kutoa. Wala msidhani nawaletea walii hapa. Waliandika pia kwamba Mubarak mwenyewe alisema wazi kuwa hafanyi kazi kwa sababu anawapenda, anafanya kwa ajili ya tumbo lake. Mimi maneno hayo yananifurahisha. Ni mtu asiyejipamba.

Mwaka huo huo wakaanza safari kubwa ya kutoka pwani kwenda maziwa makuu. Walipita Ugogo, wakafika Mdaburu, wakaingia Mgunda Mkali. Wazee wetu wanalijua jina hilo: lile pori la kuanzia kwetu kuelekea Unyamwezi, kavu, la miiba, ambalo misafara ililiogopa kwa kiu. Leo unapanda basi hapa stendi, unapita Itigi, saa chache uko Tabora. Wao walifika Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Ukisikia kiu leo saa tisa mchana, wakumbuke.

Walifika Ujiji, wakarudi Tabora. Burton akabaki pale, mwili umechoka na maradhi. Speke akaomba aende kaskazini kutafuta ziwa lililokuwa likisimuliwa, na Mubarak akaenda naye, pamoja na wapagazi na askari wachache wa Kibaluchi. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1858 wakaanza kupanda kilima kirefu karibu na Mwanza. Mteremko wa polepole, ule unaokudanganya kwamba kileleni ni pale, kumbe bado. Walipofika juu, maji yakatandaa mbele yao mpaka macho yakakoma. Speke aliandika kwamba kilima kile hakikuwa na jina kwa wenyeji, akakipa jina la kwao. Hilo mimi siliamini sana. Nani kwetu anaishi na kilima asikiite chochote? Na ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza akalipa jina la malkia wake, Victoria.

Aliporudi Tabora na kusema ameona chanzo cha Mto Nile, Burton alikataa. Na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Mubarak hakumwelewa Speke vizuri, wala Speke Mubarak, katika kile Kihindi chao. Yaani wawili waliosimama kileleni pamoja, wa tatu aliyebaki kitandani akatilia shaka hata mazungumzo yao.

Sasa sehemu ngumu. Katika safari ya pili, 1860 hadi 1863, Speke alirudi na mwenzake Grant, na Mubarak akawa tena kiongozi wa watu wao. Siku moja wakabishana juu ya amri, na Speke akampiga Mubarak ngumi za uso mbele ya watu wote. Speke mwenyewe alikiandika kisa hicho kitabuni mwake, hakukificha. Miaka baadaye Stanley alipomwajiri alilikuta pengo la meno mdomoni mwake.

Sayyidna Umar (r.a.) alipoletewa mtu wa kutolewa ushahidi, inasimuliwa kwamba aliuliza kama shahidi amewahi kusafiri naye. Mara nyingi hadithi hiyo tunaifundisha kama mtihani wa tajiri na tajiri, mshirika na mshirika. Lakini safari humpima zaidi yule mwenye nguvu: anamfanyaje anayembebea mzigo wakati wote wawili wamechoka? Kwetu hapa yuko kijana anayebeba magunia sokoni huku amefunga. Yuko binti wa kazi anayeamka kabla ya wote kupika daku na kulala baada ya wote. Tunamwita ndugu msikitini. Saa kumi jioni, njaa imeshika na uji haujawa tayari, tunamwitaje?

Mubarak hakuuacha msafara. Alikwenda na Speke mpaka Misri. Kama alibaki kwa subira, kwa mshahara, au kwa mapenzi yaliyobaki baada ya ngumi, hayo ni baina yake na Mola wake, na mimi sitayageuza kuwa fundisho la kumvumilia anayekupiga. Kosa lilikuwa la aliyepiga.

Speke alifariki Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe katika mawindo, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton kuhusu lile ziwa. Mubarak aliendelea kutembea. Mwaka 1871 alikwenda na Stanley mpaka Ujiji kumtafuta Livingstone. Mwaka 1873 alitoka na Cameron, wakakata bara lote mpaka bahari ya Atlantiki, upande wa Angola, wakafika 1875. Baadhi ya mabwana hawa waliandika kwamba ni mvivu, mlevi, mkaidi. Lakini kila aliyekuja baada ya mwingine alimtafuta yeye.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa medali ya fedha, na mwaka 1876 ikampa pensheni. Alifariki mwaka 1885. Allah amrehemu.

Darsa la leo baada ya Alasiri liko palepale. Kesho inshallah tutarudi Makka.