Annalena Tonelli: hakuolewa, hakuzaa, lakini Wajir ilimjua kama mama

Huku kwetu pwani, kijana akishakaribia miaka 25, awe wa Lamu, Malindi, Mombasa au Tanga, maswali huanza. Utaoa lini? Mtoto je? Kazi umepata, au ungali unazunguka na vyeti? Na akiwa amehamia mji wa watu kuna la nne: wewe ni wa wapi hasa, huku au kule? Maswali haya huulizwa kwa mapenzi, lakini yana uzito wake. Nawajua vijana wanaokwepa harusi za jamaa zao kwa kuyakimbia tu.

Leo nataka kusimulia maisha ya mwanamke aliyeyajibu yote manne, na majibu yake yakawashangaza watu wa kwao na pia watu wa alikohamia. Jina lake Annalena Tonelli. Nilianza kulisikia nilipokuwa mwalimu Griftu, ule mji mdogo wa Wajir Magharibi ambako mtu wa pwani huanza kwa kuuliza maji yako wapi. Wazee wa huko walimtaja kwa jina moja tu, Annalena, kama unavyomtaja mtu wa mtaani. Ilinichukua muda kujua kwamba wanamzungumza Mtaliano.

Alizaliwa Forlì, kaskazini ya Italia, tarehe 2 Aprili 1943, wakati wa vita. Alisoma sheria akapata shahada. Kwa hesabu za wazazi wa popote, njia ilikuwa imenyooka: wakili, mume, nyumba, watoto. Yeye jioni zake akazipeleka kwenye mitaa ya maskini wa mji wake na kwa wasichana waliolelewa katika nyumba ya mayatima. Alifanya hivyo kwa miaka sita. Pamoja na wenzake wakaunda kamati ya kupambana na njaa duniani, na kamati hiyo ndiyo iliyokuja kumshika mkono miaka yote iliyofuata. Mwaka 1969, akiwa na miaka 25 inayokwenda 26, akaja Kenya kama mwalimu. Mwaka uliofuata alikuwa Wajir.

Wajir ya mwaka 1970 haikuwa mahali pa kutafutia maisha. Vita vya Shifta vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na eneo zima la Kaskazini Mashariki lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, sheria ambazo hazikuondolewa mpaka 1991. Askari alikuwa na nguvu kuliko hakimu. Hata mtumishi wa serikali aliyepelekwa huko alijiona ameadhibiwa.

Annalena alifika hapo na kila kasoro ambayo mji ungeweza kumhesabia. Alikuwa kijana, na vijana hawasikilizwi. Alikuwa mzungu, na Wasomali si watu wa kumbabaikia mzungu. Alikuwa Mkristo katika mji wa Waislamu, kila mtu akiamini amekuja kubadilisha watoto wao dini. Na kubwa zaidi, hakuwa na mume. Katika mila za pale, na hata zetu, mwanamke mzima asiye na mume na asiyetafuta mume ni kitendawili. Angekuwa mtawa watu wangeelewa angalau, kwamba hivyo ndivyo dini yake inavyotaka. Lakini hakuwa mtawa. Hakuwa na shirika la kidini nyuma yake, wala nadhiri aliyopewa na mtu. Alikuwa muumini wa kawaida wa kanisa lake, aliyeamua mwenyewe kwamba hataolewa ili maisha yake yote yawe ya watu wasio na mtu.

Sisi Waislamu hatufundishwi hivyo. Ndoa kwetu ni nusu ya dini, na sitaki mtu anisome kama ninayewaambia mabinti zetu waikwepe. Ninachokitazama hapa ni namna alivyoamua. Hakungoja mpaka umri umpite kisha ajisingizie kuwa alitaka hivyo. Alichagua mapema, akajua anachokiacha, na hakumlaumu mtu.

Watoto nao walikuja kwa njia yao. Polio ilikuwa ikilemaza watoto wengi wa wafugaji. Mtoto asiyeweza kutembea, katika maisha ya kuhama na ngamia, ni mzigo usio na pa kuuweka. Annalena na wanawake wachache waliomfuata kutoka Italia, wote wa kujitolea, wakafungua kituo cha watoto waliopooza, viziwi na vipofu. Waliishi nao kama jamaa moja: kuwaogesha, kuwanyoosha viungo, kuwafundisha kusimama na magongo, kuwapeleka shule. Mtu aweza kubishana kama huo ni uzazi au si uzazi. Lakini sisi tunaojua daraja ya anayemlea yatima hatutashangaa kwamba Wajir ilimwita mama.

Na kazi? Hapa ndipo maisha yake yanapogeuka kabisa. Katika hospitali ya Wajir aliwaona wagonjwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huo ulikuwa aibu. Mwenye kukohoa damu aliogopwa, akatengwa, na mara nyingi akaachwa afe peke yake. Dawa zilikuwapo, lakini matibabu ya wakati huo yalichukua mwaka na zaidi, na mfugaji hawezi kukaa hospitalini mwaka mzima mifugo yake inafuata mvua. Alimeza dawa wiki chache, akapata nafuu, akaondoka. Kisha ugonjwa ukarudi, na safari hii dawa haikumsaidia.

Mwanasheria huyu akaanza kusoma upya. Alipata vyeti vya kudhibiti kifua kikuu hapa Kenya, vya magonjwa ya nchi za joto Uingereza, na vya ukoma Hispania. Mwaka 1976 akapewa jukumu la kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji wanaohamahama. Alichofanya kilikuwa rahisi, na kilitokana na kuwajua watu: hakuwaingiza wodini. Aliwaambia waje na vibanda vyao vya mikeka, wavisimamishe karibu na kituo chake, waishi kama wanavyoishi. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, kwa miezi sita, mpaka apone. Kijiji hicho kikaitwa Manyata ya TB. Mtindo wa kumeza dawa mbele ya mhudumu ndio ulioenea baadaye duniani kwa jina la DOTS.

Hakulipwa mshahara. Hakujiwekea akiba ya uzeeni. Alivaa nguo ndefu na kujitanda kama wanawake wa pale, akala kidogo, akalala saa chache. Hakumhubiria mtu. Wahenga wetu wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe; huyu alilishika mwenyewe, akalima miaka 15.

Angeendelea hivyo mpaka uzeeni kama si Februari 1984.

Msomaji wa pwani huenda amelisikia jina la Wagalla bila kujua ni wapi. Ni kiwanja cha ndege magharibi ya mji wa Wajir, katika jimbo lile lile la Griftu. Kulikuwa na ugomvi wa koo, na serikali ikataka silaha za Wadegodia. Kuanzia tarehe 10 Februari, askari waliwakusanya wanaume wa ukoo huo, wakawatoa majumbani na malishoni na kuwapeleka kwenye kiwanja hicho. Waliwavua nguo na kuwalaza juani bila chakula wala maji kwa siku kadhaa. Wengine walipigwa, wengine walichomwa moto, na walipojaribu kukimbia walimiminiwa risasi. Maiti nyingi zilitupwa mwituni.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema idadi inakaribia 1,000. Jamaa za waliouawa wanasema ni maelfu. Griftu nilikuta nyumba ambazo mtu akitaja mwaka ule, mazungumzo hukatika, kahawa ikamiminwa upya, kikaanzishwa kisa kingine.

Sasa mfikirie mwanamke huyu wakati huo. Ana miaka 40. Ni mgeni anayeishi kwa kibali cha serikali ile ile. Dawa za wagonjwa wake, hospitali, kituo cha watoto, vyote viko mikononi mwa maofisa. Angeweza kujiambia kwamba akinyamaza ataendelea kuwatibu mamia, na akisema atafukuzwa na hao mamia watakosa mtu. Hiyo si hoja ya mwoga. Ni hoja ambayo watu wengi wazuri huitumia, nami sioni urahisi wa kuipinga.

Yeye alitoka kwenda kuwatafuta majeruhi. Yeye na wasaidizi wake waliwaokota waliokuwa hai, wakazika walioweza kuzikwa, na akaandika majina ya wafu. Orodha hiyo pamoja na picha zilipita kwa siri mpaka kwa wanadiplomasia, na dunia ikajua kwamba Wajir pametokea jambo. Alikamatwa na kuhojiwa. Mwaka 1985 alifukuzwa nchini. Miaka 15, wagonjwa, watoto, lugha aliyokwisha kuizoea, vyote vikabaki nyuma.

Mimi naona hapo ndipo alipofanya uamuzi mkubwa wa maisha yake, mkubwa kuliko ule wa kutoolewa. Kwa miaka 15 kazi yake na watu wake vilikuwa kitu kimoja. Februari 1984 vikatengana, ikabidi achague kimoja. Alichagua watu, akaipoteza kazi.

Lakini tuwe waadilifu. Annalena alikuwa na pa kurudi. Pasipoti yake ilikuwa ya Italia, na adhabu yake ikawa ndege. Wajane wa Wagalla hawakuwa na ndege. Walibaki pale pale na watoto, katika sheria zile zile za hali ya hatari, wakitakiwa wanyamaze. Hata ungekaa na watu miaka mingapi, iko siku ya taabu ambayo uzawa wako hukutenga nao. Naamini yeye alilijua hilo, kwa sababu alichofanya baadaye hakifanani na mtu aliyekwenda kupumzika kwao.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliingia Somalia, kwa watu wa lugha na dini ile ile aliyonyang'anywa Wajir. Alifanya kazi Beledweyne, kisha Mogadishu na Merca, mji wa pwani wa Benadir ambao mabaharia wetu waliujua, katika miaka ya vita na njaa wakati wageni wengi walikuwa wakikimbia. Alipoondoka Merca, daktari mwenzake wa Italia, Graziella Fumagalli, alichukua nafasi yake. Mwaka 1995 akauawa hapo hapo. Annalena hakuacha. Mwaka 1996 alikwenda Borama, kaskazini magharibi, akajenga upya yale yale ya Wajir: hospitali ya kifua kikuu yenye vitanda zaidi ya 200, shule ya watoto viziwi, upasuaji wa macho. Alishirikiana na wanawake na masheikh kupinga ukeketaji. Alipowapokea wenye ukimwi, wapo waliompinga hadharani. Aliendelea kuwapokea.

Mwezi Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilimpa tuzo ya Nansen, ambayo ni heshima kubwa kwa watumishi wa wakimbizi. Alirudi Borama. Jioni ya tarehe 5 Oktoba mwaka huo, katika eneo la hospitali yake, alipigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 60.

Najua yupo msomaji atakayesema: basi, angebaki Forlì angekuwa bibi leo, amezungukwa na wajukuu. Labda. Yupo atakayesema kwamba mtu asiye na mke wala mwana ni rahisi kuwa jasiri, maana hana wa kumlilia. Huyo namkatalia. Watu wa Wajir walimlilia, na wa Borama pia. Na wapo wenye wake wanne na watoto kumi ambao siku ya Wagalla walifunga milango.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazazi wenzangu. Tusiache kuwauliza vijana maswali yetu manne. Ndoa, watoto, kazi na kwao ni mambo ya kuulizwa. Lakini tuongeze la tano, na tulijibu sisi kwanza mbele yao: siku kazi yako ikitaka unyamaze na jirani yako yuko chini juani, utafanya nini? Kijana akilifikiria hilo mapema atachagua kazi kwa macho mengine. Atachagua hata mchumba kwa macho mengine, maana atataka mtu ambaye siku hiyo hatamvuta shati arudi ndani.

Annalena Tonelli hakuacha mume wala mtoto wa damu. Aliacha watu wa Wajir waliopona kifua kikuu wakarudi kwa ngamia wao, wakaoa, wakazaa. Aliacha pia orodha ya majina ya wafu ambao serikali ilitaka wasiwe na majina.