HONUS WAGNER NA KADI YAKE

Wengi wetu katika mabweni tunakusanya vitu. Huyu ana stempu, yule ana picha za wachezaji wa mpira. Swali tunaloulizana kila mara ni hili: Je, karatasi hizi zitakuja kuwa na thamani? Anayetaka kulijibu yafaa ajue maisha ya Honus Wagner.

Johannes Peter Wagner alizaliwa tarehe 24 Februari, 1874, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, na baba yake alichimba makaa ya mawe. Honus aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12, akaenda kufanya kazi mgodini. Siku za mapumziko alicheza beisiboli pamoja na ndugu zake. Katika mchezo huo mtu hupiga mpira kwa kigongo, kisha hukimbia kupita vituo vitatu mpaka arudi alipoanzia. Kaka yake, Albert, ndiye aliyemsaidia kupata nafasi katika timu ya kulipwa mwaka 1895.

Kwa kumtazama, usingemdhania kuwa mwanamichezo. Alikuwa mnene wa kifua, mwenye mikono mirefu na miguu ya matege. Lakini alikimbia kwa kasi ya ajabu, hata watu wakambandika jina la Mdachi Arukaye; kwani Mdachi ni Mjerumani, kama wazee wetu walivyosema. Mwaka 1897 alijiunga na timu ya Louisville, na tangu mwaka 1900 mpaka 1917 aliichezea Pittsburgh, karibu na kwao. Mara nane alikuwa mpigaji bora wa ligi yake.

Hata hivyo alionja uchungu pia. Mwaka 1903 Pittsburgh ilishindwa na Boston katika mashindano ya ubingwa, na Wagner mwenyewe alicheza vibaya. Alingoja miaka sita. Mwaka 1909 walipambana na Detroit, timu ya Ty Cobb aliyeogopwa na wote. Pittsburgh ilishinda michezo minne kwa mitatu, na Wagner alimpita Cobb kwa kupiga na kwa mbio.

Katika mwaka huo huo kampuni kubwa ya tumbaku ilianza kutia kadi zenye picha za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Kadi iliikaza pakiti isipondeke, na pia ilimvuta mnunuzi aendelee kununua ili akamilishe mkusanyo wake. Mwandishi mmoja wa Pittsburgh aliahidiwa dola 10 kama angepata ruhusa ya Wagner. Gazeti moja la michezo lilieleza mwaka 1912 kuwa Wagner alikataa, akampelekea mwandishi yule hundi ya dola 10 ili asipate hasara. Wapo wasemao kuwa hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili yake, ingawa yeye mwenyewe alitafuna tumbaku. Wengine hudhani alitaka malipo makubwa zaidi; lakini mtu mwenye tamaa hatoi hundi.

Basi kadi yake ikaacha kuchapwa. Wachezaji wengine walichapwa kwa wingi sana, bali za Wagner zinazojulikana leo hazifiki mia moja. Mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Kadi haipandi bei kwa kuwa ni ya zamani tu. Yapasa iwe adimu, mchezaji wake awe anakumbukwa, iwe safi, tena iwe ya kweli. Kadi ya Wagner iliyosifiwa kuliko zote kwa usafi iliuzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki alikiri kuwa alizikata kingo zake ili ionekane mpya.

Wagner hakuuona utajiri huo. Mwaka 1936 alikuwa mmoja wa watano wa kwanza kuchaguliwa katika Jumba la Heshima la beisiboli. Tangu 1933 hadi 1951 aliwafundisha vijana wa Pittsburgh, na mwaka 1955 alisimamishiwa sanamu. Alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huo, mwenye umri wa miaka 81, katika mji wa Carnegie, kule kule alikokulia.

Mimi nazihifadhi picha zangu ndani ya daftari, wala sizikati kingo. Lakini sizihesabu kuwa karo. Wagner aliheshimiwa kwa kazi ya miaka 21 uwanjani, na bei ya kadi ikafuata baadaye. Nasi tukusanye kwa kupenda, huku tukishika masomo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne